Tuandikieni saa za maji, khasa siku za Idd

Mheshimiwa Mhariri,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kutoka Jambiani Kibigija, pwani ya mashariki ya Unguja. Mimi ni mwalimu mstaafu wa skuli ya msingi, na tangu nistaafu nina kamba zangu za mwani huku pwani kama walivyo wanawake wenzangu. Kujaa na kupwa kwa maji sikukusoma kitabuni. Nakukanyaga kila bamvua, zile siku maji yanapojaa sana na kupwa sana. Nalitanguliza hilo ili msomaji ajue kuwa aibu nitakayoisimulia ilimpata mtu aliyejidai kujua.

Mwaka juzi nilikwenda Uingereza kumwangalia binti yangu aliyejifungua. Anakaa mashariki ya London. Alipotoka arobaini, na mimi miguu imeshaanza kuota mizizi ndani ya nyumba, wakatujia wageni: shoga yangu Bi Time na mumewe Mzee Faki, watu wa Wete, waliokuwa wamekwenda kumtembelea kijana wao katika mji mwengine wa huko huko. Nyumba ikajaa Kipemba na vicheko. Mkwe wangu, kijana mpole, akasema Jumamosi atatupeleka sote pwani, mahali panapoitwa Southend. Binti yangu akabaki na kichanga, na mjukuu wangu wa miaka tisa akafuatana nasi.

Usiku tulikaanga sambusa na kachori, asubuhi nikatia chai ya tangawizi kwenye chupa mbili. Wenyeji wa kule huenda pwani na vipande vya mkate vilivyotiwa jibini katikati. Sisi tulibeba makapu kama tunakwenda maulidini.

Treni tuliipandia Barking, na haikutimia saa nzima tukawa tumefika. Lakini kabla ya kufika kuna kipande kimoja, ukishapita Leigh, ambapo reli inapita pembeni kabisa mwa bahari, na hapo ndipo yalipoanza. Bi Time alichungulia dirishani akaona boti zimelala ubavu juu ya tope, na bahari yenyewe imekuwa mstari mwembamba huko mbali.

"Kumbe na huku maji hupwa!" akasema, kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini.

Hapo ualimu ukanipanda. Nikauliza, "Leo mwezi ngapi?" Mzee Faki, ambaye hesabu ya mwezi haimpotei hata akiwa usingizini, akajibu kumi na tano. Basi nikawatolea somo humo humo ndani ya treni: mwezi kumi na tano, mwezi mpevu, ni bamvua, maji yanapwa saa nne u nusu, kwa hiyo ndiyo kwanza yanamalizia kutoka, na hayatajaa mpaka saa kumi u nusu jioni. Tuna mchana mzima wa kutembea chini. Mkwe wangu alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Baadaye ndipo nilipofahamu kuwa alitaka kusema kitu. Lakini mkwe gani wa Kiswahili atamkosoa mama mkwe wake mbele ya wageni?

Tukafika saa nne kasoro. Mji wenyewe umepangwa ukiitazama bahari, na mbele yake kuna njia ndefu ya kutembelea, viti vya kukalia kila hatua chache, vyoo, mabomba ya kuoshea miguu, maduka ya chipsi, mabembea makubwa ya watoto yanayopiga kelele za chuma. Nitasema kweli, viti vile nimevitamani. Mzee mwenye magoti mabovu anaweza kuitazama bahari kutwa nzima asinunue hata soda, na asitokee askari wa kumuuliza anakaa hoteli gani.

Pale tuliposhukia mchangani palikuwa na ubao. Una picha ya mtu aliyezama topeni hadi magotini, bendera, na tarakimu. Nikamwambia mjukuu wangu atusomee. Akasoma kimoyomoyo, kisha akanitafsiria kwa Kiswahili chake cha London: "Bibi, wanasema maji yanajaa saa moja na dakika arobaini."

Mhariri, wewe umeshaelewa. Mimi sikuelewa. Mtoto yule amezaliwa kule, saa anazihesabu kwa hesabu ya kule, na saa moja yake ni saa saba yetu ya mchana. Mimi nikasikia saa moja na dakika arobaini za usiku. Nikaona hata afadhali, maji ya hapa yanachelewa kuliko ya kwetu, muda upo tele. Nikavua viatu.

Mzee Faki alikataa kushuka. Alisema yeye ni mvuvi mstaafu, bahari walishaagana. Akabaki kitini kulinda makapu, na hilo nalo likawa vita, maana shakwe wa kule wamekosa adabu. Shakwe mmoja, mkubwa kama kuku, alimpokonya sambusa mkononi ikiwa imeshafika karibu na mdomo.

Bi Time na mimi tukatia njia na mfuko wetu, tunatafuta kama kuna kombe. Tuliambiwa Leigh ni mji wa kombe tangu zamani, wanazichemsha na kuziuza kwenye vikopo vidogo kwa siki na pilipili manga, na sisi tukitaka kuziona zinapotoka. Mchanga ulikuwa mchache, kisha vijiwe, kisha likaanza tope. Tope la kule haliuelekei hata kidogo mchanga wa Jambiani. Kwetu ukikanyaga unajua umekanyaga. Chini ni cheupe, kigumu, kina mikunjo mikunjo inayokukuna nyayo. Lile ni la kijivu, laini kama unga wa muhogo uliokandwa na maji mengi. Linaupokea mguu bila neno, halafu ukitaka kuutoa linakukatalia. Tulijichekea. Tukavuka kijito kikavu, upana wake hauzidi chumba, tukaendelea. Hatukuwa tumefika mbali, pengine hatua mia mbili.

Bi Time ndiye aliyegeuka. Akasema kwa sauti ndogo, "Shoga, kile kijito tulikivuka kikavu?"

Hakikuwa kikavu tena. Kilikuwa kinang'aa. Nikatazama mbele, nikaona kitu ninachokijua tangu utoto wangu na nilichokuwa nikikataa kukiona: hakuna wimbi, hakuna povu, ila ile ngozi nyembamba ya maji inayotambaa, inajaza kila kishimo, inazunguka kila kichuguu cha tope. Maji yalikuwa yanajaa. Na yalikuwa yameanza kujaa kitambo, tangu sisi tuko nyumbani tunafunga makapu.

Nikataka kupiga hatua ya haraka, mguu wa kulia ukaingia hadi gotini. Ukiharakisha ndiyo unazama. Hilo nalo nawafundisha watoto kila siku. Kutoka juu mwanamme mmoja mwenye mbwa alikuwa akipiga kelele na kutuonyesha kwa mkono tupite upande wa kushoto, na mkwe wangu alikuwa ameshakunja suruali anakuja mbio. Bi Time aliniegemea, nikamwegemea, tukatoka kama kaa wawili waliofungwa kamba moja. Kile kijito tulikivuka maji yakiwa juu ya magoti, na baridi yake sina mfano wake kwa Kiswahili. Viatu nilikuwa nimevishika mkononi. Tulipofika juu nikakuta nimeshika kimoja.

Yule mzee mwenye mbwa aliongea na mkwe wangu kwa muda, kwa upole, huku akiniangalia. Mkwe wangu hakunitafsiria, na mimi sikumwuliza.

Tuliosha miguu bombani, tukala. Kombe tulizinunua dukani kama watu wengine. Bi Time alimwaga ile siki akakamulia ndimu aliyotoka nayo Wete ndani ya mkoba wake. Na tangu siku hiyo hataki kuniita kwa jina langu. Hata akinipigia simu kutoka Pemba anaanza, "Mwalimu wa bamvua, hujambo?"

Usiku ule, kwa kuwa mtu mzima akiaibika hutafuta sababu, nilimkalisha mjukuu wangu na ramani. Kwetu maji yanatoka moja kwa moja Bahari ya Hindi, hayana kona. Lakini maji yanayofika Southend yanatoka Atlantiki, yanapanda hadi juu ya Uskochi, yanazunguka, ndipo yanateremka Bahari ya Kaskazini mpaka mlangoni mwa mto Thames. Mwezi ni ule ule mmoja, bamvua ni ile ile, ila saa zimehama. Siku ya mwezi mpevu, saa nne u nusu ya Jambiani watu wako mwambani na pweza mkononi, lakini saa nne u nusu ya kule maji yamebakisha saa tatu tu kufika juu. Na baina ya kupwa na kujaa kuna zaidi ya mita 5, wakati kwetu ni karibu mita 4. Elimu yangu yote ilikuwa sahihi, kwa Jambiani.

Mchana wa siku ile, baada ya nguo kukauka, tulipanda gati. Hili silipiti haraka, kwa sababu ni jambo la kwetu ingawa liko kwao. Gati la Southend lina urefu wa zaidi ya kilomita 2, na wanasema hakuna gati la matembezi refu kuliko hilo duniani. Kwa nini wakajenga kitu kirefu hivyo? Kwa sababu hiyo hiyo inayowafanya wageni wa hoteli zetu wanune asubuhi: bahari inaondoka. Meli za abiria zilikuwa hazifiki mjini maji yakipwa, basi watu wakaamua kuifuata bahari ilikokwenda. La kwanza lilikuwa la mbao, lilifunguliwa mwaka 1830. La chuma likaja 1889. Juu yake inakwenda treni ndogo kwa ajili ya wasioweza kutembea. Mzee Faki aliipanda mara mbili, ya pili kwa pesa yake mwenyewe.

Mwishoni mwa gati kuna kituo cha boti za uokozi. Mzee Faki akataka kujua ni askari wa serikali. Mkwe wangu akamwambia hapana, ni chama cha hisani kilichoanzishwa mwaka 1824, kinakwenda kwa sadaka za watu, na wengi wa wanaotoka na boti hizo ni watu wa kujitolea tu, wenye kazi zao nyingine. Simu ikilia wanaacha walichoshika. Na kwa Southend wana chombo kingine kinachoelea juu ya upepo, kwa sababu kwenye tope lile boti haifiki na mtu hatembei. Yaani wamelijua tope lao, wakalitafutia chombo chake.

Mzee Faki alisimama pale muda mrefu, ameshika chuma cha ukingo. Hakusema kitu. Hakuna Mpemba wa rika lake ambaye Septemba 2011 haikumgusa, ilipozama meli ya abiria Spice Islander, na mwaka uliofuata Skagit. Bi Time alimfunga skafu shingoni, tukarudi.

(Kutoka gatini pale tulionyeshwa pia, ng'ambo ya maji, milingoti ya meli ya Kimarekani iliyozama mwaka 1944, na ndani yake hadi leo kuna tani 1,400 hivi za baruti. Wameizungushia maboya na maonyo, chombo kisikaribie. Nikakumbuka habari za meli ya Sultani, Glasgow, iliyozamishwa bandarini kwetu mwaka 1896, na milingoti yake ikabaki nje ya maji miaka na miaka mbele ya Forodhani. Ile haikuwa na baruti ya kumtisha mtu, ila kila aliyeshuka bandarini aliiona.)

Sasa nije kwetu.

Idd ndogo iliyopita, siku ya Idd pili, walikuja watu kutoka mjini kama wanavyokuja kila mwaka. Magari ya abiria yamejaa watoto, ngoma, masufuria. Ni jambo la furaha na sisi wenyeji tunalipenda. Watoto wetu wanauza ubuyu na maembe, na pwani inachangamka. Kundi moja lilikuwa la wanafunzi na wakubwa wao. Walifika karibu saa tano wakakuta maji yamepwa mpaka mwambani. Watu wazima wakakaa chini ya mivinje kupakua pilau, watoto wakaachiwa wacheze. Siwalaumu sana. Wao hawakuona bahari, waliona uwanja.

Karibu na saa nane kitoto kimoja cha kwetu, muuza ubuyu, kikaja mbio uani kwangu: "Bibi, kuna watoto funguni."

Wenye kuijua Jambiani wanalijua jambo hili. Maji yetu hayaji kwa mbele kama mtu anayebisha hodi. Yanaingia kwa mikondo, yanazunguka nyuma, na fungu la mchanga lililoko katikati linabaki kavu kwa muda mrefu wakati baina yake na ufukwe pameshakuwa na kina. Aliyeko juu ya fungu anajiona yuko nchi kavu. Watoto watatu walikuwa wamesimama pale, wa miaka kumi na mbili hivi, wamevaa nguo za Idd. Mdogo wao alikuwa na viatu vipya, vyeusi. Alikuwa amevivua na kuvishika juu ya kichwa kwa mikono miwili, ili visirowe.

Kijana wa jirani yangu alitoka na ngalawa akiwa na kanzu yake ya Idd mwilini. Aliwafikia maji yakiwa kifuani kwa yule mdogo. Wote watatu walirudi wazima, alhamdulillahi, na viatu vilirudi vikavu. Kanzu ndiyo iliyoharibika kwa lami ya ngalawa, na wale wakubwa walichanga wakamlipa.

Nilipomwangalia yule mtoto na viatu vyake ndipo nilipokaa chini kwenye mchanga. Bi Time angekuwepo angejua ninawaza nini.

Tangu siku hiyo nimelifikiria jambo hili, na nimeliona hivi. Idd ndogo inaingia mwezi ukiandama. Mwezi mosi, mwezi pili, mwezi tatu Mfunguo Mosi, yaani Shawwal, ni bamvua, daima, hakuna mwaka itakuwa vyengine. Kwa hiyo Idd ndogo kila mwaka, ije masika ije kiangazi, maji ya pwani yetu yanapwa sana baina ya saa nne na saa sita mchana, na yanarudi kwa nguvu kuanzia saa saba mpaka saa kumi na kitu, wakati ule ule ambao watoto wa mjini wameshashiba na wanatawanyika kucheza. Idd kubwa haina balaa hilo; iko mwezi kumi Mfunguo Tatu, yaani Dhulhija, ni maji mafu, hayatoki sana wala hayaji sana. Wazee wetu walilijua hili bila shaka. Ila wazee hawakuwa na magari yanayoleta watoto mia tano kwa asubuhi moja kutoka Jang'ombe na Mwanakwerekwe.

Kuna jambo jengine. Siku za kawaida za bamvua, pwani yetu ina macho. Wanawake tuko chini tangu asubuhi, tunafunga mwani, tunavuna, tunachokoa pweza, na yeyote anayekwenda asikokujua tunampigia kelele. Sisi ndio boti ya uokozi. Siku ya Idd hatumo. Tuko nyumbani tumejipaka hina, tunapokea wageni. Siku ambayo maji yana hatari kuliko zote ndiyo siku ambayo hakuna hata mtu mmoja chini anayeyajua.

Nimelisema hili kwenye kikao cha kijiji, nikajibiwa, "Nani asiyejua bamvua?" Nilicheka peke yangu. Na mimi nilisema hivyo hivyo, ndani ya treni.

Mtu asidhani kuwa habari hizi hazipo. Zipo, zimechapishwa, zina dakika zake. Nilikwenda hoteli moja ya karibu kuuliza, kwa sababu nilisikia wageni wao hubandikiwa karatasi ya saa za maji ili wajue lini wataogelea na lini watarusha yale matiara yao ya baharini. Askari wa mlangoni, niliyemfundisha mimi mwenyewe kusoma darasa la kwanza, akaniambia, "Mwalimu, samahani sana, siruhusiwi kukuingiza." Nikamwambia basi si neno. Akaniomba nisubiri kivulini. Akaingia ndani, akaipiga picha ile karatasi kwa simu yake, akanirushia. Mungu amzidishie. Iko kwa Kiingereza na Kitaliano, na saa zake ni za kule: imeandikwa 11:24 na 17:31. Mgeni aliyetoka Milano ameshajua maji ya Jambiani yanajaa saa ngapi. Mtoto wa Jang'ombe hajui. Na hata angeruhusiwa kuisoma, ningeogopa asije akafanya hesabu niliyoifanya mimi Southend.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, Mhariri, ni kwako wewe. Gazeti hutuchapishia saa za sala. Pembeni yake patosha mistari miwili: leo maji yanapwa saa fulani, yanajaa saa fulani. Kwa saa zetu, za Kiswahili, na tarehe ya mwezi juu yake. Kama karatasi haitoshi kila siku, basi angalau toleo la mkesha wa Idd.

La pili ni kwa redio zetu. Ramadhani nzima mnatutangazia saa ya kufuturu kwa dakika, Unguja yake na Pemba yake, na watu wazima wanakaa na tende mkononi wakiwasikiliza nyinyi. Usiku ule mnaotangaza kuwa mwezi umeandama hakuna nyumba ambayo haikusikiliza. Ongezeni sentensi moja hapo hapo, kabla hamjaweka nyimbo.

La tatu ni kwa masheha wa pwani hii: Paje, Bwejuu, Jambiani, Makunduchi, na Nungwi na Matemwe kule juu kama na kwao wageni ni wengi. Uwekwe ubao wa saa za maji penye kila diko, pale vyombo vinapoegeshwa. Si lazima uwe wa fahari. Na siku za Idd ndogo, kuanzia saa saba mchana, vijana wawili wenye ngalawa wakae majini kwa zamu. Ikiwa kule wanatoka wakati wa baridi ile bila mshahara, sisi hatushindwi kuwatolea vijana wetu nauli ya mafuta na sahani ya pilau.

Walimu wenzangu mnaoleta wanafunzi, nyinyi nawaomba kitu kidogo tu: mkifika, kabla ya kuteremsha masufuria, muulizeni mwenyeji yeyote wa pale, hata mtoto, maji yanageuka saa ngapi. Mtajibiwa bure.

Kwa upande wangu nimeomba skuli ubao mkongwe uliokwisha kupasuka pembe, nimeuegemeza kwenye mvinje karibu na diko, na kila asubuhi nikiteremka kwenye mwani nauandika kwa chaki. Mvua ikinyesha unafutika, naandika tena. Leo ni mwezi kumi na saba. Nimeandika: kupwa saa sita kasoro robo mchana, kujaa saa kumi na mbili jioni. Nilipopanda kutoka chini nilikuta mtu ameongeza kwa makaa, chini ya mwandiko wangu, bei ya pweza. Nimeiacha.

Wako msomaji,
Mwalimu wa bamvua,
Jambiani Kibigija, Unguja.